Mstari wa dola nne

Jumuiya yetu hapa Dallas haina ofisi. Ina kundi la WhatsApp, ina mwenyekiti anayependa kutuma ujumbe wa sauti wa dakika saba, na ina mimi, mweka hazina. Ukisikia mweka hazina wa Watanzania ughaibuni, ujue ni mtu wa misiba. Ndiye anayejua bei ya jeneza, ndege ipi inapokea mwili, na nani aliahidi dola 100 kwenye msiba uliopita kisha akazima simu.

Mwaka juzi alifariki mwenzetu mmoja, mtu wa Marangu, aliyekuwa akifanya kazi ghalani upande wa Fort Worth. Alianguka akishusha mizigo na hakuamka tena. Saa kumi usiku mkewe akanipigia. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, lakini alikuwa na la kuniambia kabla sijamaliza kutoa pole.

"Shemeji, msichangishe watu. Bima ipo. Laki mbili, na ni za dola."

Akanitumia picha ya karatasi ya mshahara ya marehemu. Kweli, chini ya makato ya kodi na ya bima ya afya kulikuwa na mstari mdogo: AD&D, dola 200,000, makato dola 4 kwa mwezi. Mimi niliyesomea uhasibu, niliyepaswa kuuliza swali moja tu, nikaandika kundini kwa mamlaka yote niliyojipa: michango isimame, familia ina bima.

Siku tatu zikapita hivyo. Watu wa kuhifadhi maiti walikuwa wanataka malipo ya awali. Siku ya nne ofisi ya utumishi ya kazini kwake ikamweleza shemeji kwamba cheti cha kifo kinasema ugonjwa wa mishipa ya moyo, na mstari ule haumhusu mtu aliyekufa kwa ugonjwa. Ujumbe wa pili kwenda kundini niliuandika na kuufuta mara sita. Watu walichanga, Mungu awabariki, na mwili ukafika Marangu, lakini wapo ambao mpaka leo nikitangaza jambo la fedha huuliza kwanza, "Una uhakika, mhasibu?"

Kwa haki yake, marehemu alikuwa pia na bima ndogo ya maisha aliyopewa na mwajiri, dola 20,000. Hiyo ililipwa baada ya wiki kadhaa bila maneno. Kilichotupoteza ni ule mstari mwingine.

Herufi AD&D kwa lugha yetu ni bima ya kifo cha ajali na kupoteza viungo. Shemeji aliliona neno kifo, nami nikaliona neno kifo, na wote wawili tukaliruka neno linalofuata. Bima ya maisha huuliza kama mtu amekufa. Hii huuliza amekufaje. Moyo, kansa, kiharusi, sukari, homa ya mapafu: hailipi. Upasuaji ukienda vibaya, hailipi, kwa sababu matibabu nayo huhesabiwa upande wa ugonjwa. Kujiua, hapana. Vita, hapana. Kurusha ndege mwenyewe kama rubani, mara nyingi hapana. Kufa ukiwa umezidisha pombe au dawa ambazo daktari hakukuandikia, mikataba mingi inasema hapana.

Baada ya msiba ule niliomba kijitabu cha bima yangu mwenyewe, nikakisoma mezani jikoni kwa siku tatu mfululizo. Nami nilikuwa na mstari kama huo, dola hizo hizo 4. Senti 2 kwa kila dola 1,000. Ile bima ya maisha ya kuongeza, kwa umri wangu, ingekuwa dola 30 kwa mwezi kwa kiasi hicho hicho, tena na fomu ya maswali ya afya: presha unayo, sukari unayo, mara ya mwisho kulazwa lini. Hii ya dola 4 haikuniuliza chochote. Mwezi wa kumi na moja, msimu wa kujiandikisha mafao, nikiwa na dakika kumi za mapumziko na foleni ya watu nyuma yangu kwenye kompyuta ya kazini, niliichagua kama mtu anavyochukua pipi pale anapolipia dukani. Marehemu bila shaka alifanya vivyo hivyo. Alikuwa na presha. Ile fomu ya maswali lazima ilimtisha.

Bei hiyo ina sababu. Mwaka 2022 Marekani ilizika watu zaidi ya milioni 3.2. Ajali zilikuwa sababu ya tatu ya vifo, nyuma ya moyo na kansa, na bado waliokufa kwa ajali za kila aina walikuwa kama 227,000, karibu 7 katika kila 100. Kati ya hao, takriban nusu walikufa kwa sumu, na sumu yenyewe hasa ni dawa za kulevya, ambazo mikataba mingi imekwisha kuzitoa. Kilichobaki kwa kampuni kulipa ni barabara, kuanguka, maji, moto na mashine. Ndiyo maana ni dola 4. Hakuna mtu aliyetudanganya, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu sikuwa na wa kumlaumu.

Kitu chenyewe kilizaliwa relini. Mwaka 1849 jijini London kulikuwa na kampuni iliyouza bima ya ajali dirishani pamoja na tiketi ya treni: unalipa nauli, unaongeza senti chache, ukifa njiani familia inapata. Mfanyabiashara mmoja wa mawe wa mji wa Hartford, Marekani, James Batterson, aliliona jambo hilo alipokuwa Uingereza, na mwaka 1864 yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ya bima ya Travelers kulifanya Marekani. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba bima yake ya kwanza ilimlinda mtu akitembea kutoka posta hadi nyumbani, kwa senti 2. Harufu ya reli haijatoka mpaka leo. Kijitabu changu kinasema nikifa nikiwa abiria wa kulipa nauli ndani ya treni, basi au ndege ya kampuni, malipo ni mara mbili. Nikifa ndani ya gari langu huku nimefunga mkanda, inaongezwa asilimia 10. Na polisi lazima awe ameandika kwenye ripoti kwamba mkanda ulikuwa umefungwa.

Halafu nikafika kwenye jedwali la viungo, nikacheka peke yangu usiku ule.

Mtaa wetu kule Tanga unaitwa Ngamiani, na katika utoto wangu wote sikuona ngamia hata mmoja. Ngamia nilikutana nao chuoni, kwa maalim aliyetufundisha Kurani, wamepangwa kwa hesabu ya dia, fidia ya damu katika sheria ya Kiislamu. Dia ya roho, ngamia 100. Jicho moja, 50. Mkono mmoja, 50. Mguu, 50. Kidole, 10. Jino, 5. Kiungo ambacho mtu anacho kimoja tu, kama ulimi au pua, ni dia kamili. Vilivyo viwili vinagawana nusu kwa nusu. Vidole kumi vinagawana mia, kwa hiyo kila kidole kumi. Tulikuwa tukiimba kama tebo ya kuzidisha, na wakati wa mapumziko tukithaminishana: wewe una pengo, umeshapoteza ngamia watano.

Sasa lisome jedwali la kijitabu changu. Uhai, asilimia 100. Mikono miwili, au miguu miwili, au macho mawili, 100. Mkono mmoja na mguu mmoja, 100. Mkono mmoja peke yake, 50. Jicho moja, 50. Kusema na kusikia kwa pamoja, 100, na kimojawapo, 50. Hartford na maalim wetu wamegawa mwili kwa kisu kimoja. Sidhani kama mmoja alimwiga mwingine. Nadhani kila anayelazimika kuupa mwili bei huanza na kuhesabu viungo vilivyo viwiliviwili.

Wanaachana kwenye vidole. Katika dia kidole gumba na kidole cha mwisho ni sawasawa, kumi kwa kumi. Maalim alitusisitizia kwamba Mtume mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, maana watu wa kila zama huona gumba ni bora. Kwenye kijitabu, gumba na kidole cha shahada vya mkono mmoja, vikiondoka pamoja, ni asilimia 25. Vidole vingine havina mstari wake. Kidole cha kati hakipo. Cha pete hakipo. Gumba lenyewe likiondoka peke yake, halipo.

Wanaachana pia kwa mlipaji. Dia ya kuua kwa bahati mbaya hulipwa na ukoo wa aliyesababisha, kwa miaka mitatu, kila mtu fungu lake. Lazima awepo wa kulaumiwa, halafu ndugu zake wabebe naye. Bima haitafuti mwenye kosa. Hata ukiteleza bafuni kwako ukiwa peke yako, mradi ni ajali, inahesabika. Hapo naona bima imetuzidi. Kwa upande mwingine ngamia hawakuwahi kuuliza mshahara. Sehemu ya bima hii anayotoa mwajiri bure hupigwa kwa mshahara wa mwaka, kwa hiyo mguu wa meneja wetu una thamani mara tatu ya wangu, ingawa mimi ndiye ninayeutumia kutwa nzima. (Wanazuoni wa kale nao waliikata dia ya mwanamke nusu, kwa hiyo tusijisifu sana.)

Kazini kwetu kuna kijana wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Ndiye rafiki yangu wa chakula cha mchana, maana Kiswahili chake ndicho pekee ninachokisikia kwa saa nane. Mwaka jana mkanda wa kusafirishia mizigo ulimvuta glovu, akapoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto: cha kati, cha pete na cha mwisho. Alipotoka hospitali akaniomba nimsaidie fomu, kwa kuwa jina langu la mhasibu linanifuata kila mahali. Naye alikuwa na mstari wa AD&D. Nikafungua kijitabu, mara hii nikaanza na ukurasa wa maana za maneno, kwa sababu mtu akishaumwa na nyoka hushtukia hata ung'ong'o.

Mkono kupotea, kijitabu kinasema, ni kukatika na kutengana na mwili kwenye kifundo cha mkono au juu yake. Mguu ni kwenye kifundo cha mguu au juu yake. Jicho ni kutoona kabisa na bila matumaini ya kurudi. Gumba na shahada ni kukatika pale vinapoungana na kiganja. Mkono uliopo lakini haufanyi kazi, umepinda, umekufa ganzi, haumo, isipokuwa mkataba wako una sehemu ya kupooza, na hapo nayo hutakiwa kiungo kizima kipooze. Yeye gumba analo, shahada anayo, kiganja kipo. Haki yake kwenye kijitabu ilikuwa sifuri.

Alichopata kilitoka kwingine, kwenye fidia ya wafanyakazi. Hapa Texas sheria inamwachia mwajiri binafsi aamue kujiunga na fidia hiyo au la, jambo ambalo wageni wengi hatulijui mpaka tumeumia. Wetu alikuwa amejiunga. Daktari akapima ulemavu kwa asilimia, na kwa kila asilimia 1 sheria inatoa malipo ya wiki 3. Jedwali jingine tena. Kabla ya kushika sanduku la kwanza kwenye kazi mpya, uliza kama mwajiri wako yumo. Hilo lina uzito kuliko mstari wowote wa dola 4.

Kuna jambo la sukari ambalo sijalisikia likisemwa kwenye mikutano yetu. Wazee wetu wanaokatwa miguu, hapa na nyumbani, wengi wanakatwa kwa sababu ya sukari na mishipa iliyoziba. Mguu unaondoka juu ya kifundo, mtu anatembelea magongo, na bima yenye neno kupoteza viungo kwenye jina lake haitoi hata senti, kwa kuwa kisu kilitumwa na ugonjwa. Mlango wa nyuma upo, ila ni mwembamba: mikataba mingi hukubali maambukizi yaliyoingia kupitia jeraha la ajali, na sumu ya chakula kilichooza ulichokula bila kujua. Msumari ukikuchoma ghalani, mguu ukaoza, unaweza kudai. Ukiwa na sukari pia, jiandae kwa mabishano.

Mabishano ndiyo makao ya bima hii. Chukua dereva aliyegonga nguzo akakutwa amekufa, na moyo wake ukaonekana mbovu. Ni nguzo iliyomuua au ni moyo? Kampuni itasema moyo, familia itasema nguzo, na kitakachoamua ni karatasi ya daktari wa serikali anayechunguza vifo. Mahakama zimehangaika na neno ajali kwa muda mrefu. Mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kumlipa mjane wa mtu aliyekufa kwa kupigwa na jua akicheza gofu: kifo kilikuwa cha bahati mbaya, wakasema, ila kusimama juani kulikuwa kwa hiari. Mmoja wa majaji hao, Cardozo, hakukubali, akaonya kwamba kutenganisha hayo mawili kutaizamisha sheria kwenye kinamasi. Majimbo mengi baadaye yalimfuata yeye. Mwaka 1990 mahakama ya rufaa ya Boston ikapata kesi ya mtu aliyevuka kingo za daraja, akaning'inia nje kwa mkono mmoja, akaanguka kwenye reli za treni. Wakauliza: je, mtu wa kawaida mwenye hali kama yake angeona kuumia ni jambo la kutarajiwa kabisa? Wakajibu ndiyo, hivyo si ajali. Swali hilo hilo ndilo ambalo kampuni huwarushia wajane wa waliokufa wakiendesha wamelewa, hata pale ambapo mkataba hautaji pombe.

Kwa sisi tunaosafiri kwenda nyumbani lipo la ziada, na hapa nasema na Waislamu wenzangu hasa. Mikataba mingi ya kazini hukulinda saa 24 popote duniani, hata juu ya bodaboda kati ya Ngamiani na Raskazone. Lakini kampuni itataka ripoti ya polisi, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kama mtu alifikishwa hospitali, cheti cha kifo kinachotaja chanzo, na imejiwekea haki ya kuomba uchunguzi wa maiti pale sheria isipokataza. Sisi tunazika kabla ya alasiri na neno uchunguzi hatutaki kulisikia. Siwaambii mchelewesheni maiti. Nawaambia mtu mmoja atoke kwenye turubai aende kituo cha polisi siku hiyo hiyo, wakati mashahidi bado wapo. Mkiandikiwa barua ya kukataliwa, msiitupe kwa hasira. Bima nyingi za kazini zinasimamiwa na ERISA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu mafao ya kazini, mnazo siku 60 za kukata rufaa, na mkifika mahakamani baadaye jaji kwa kawaida ataangalia yale tu yaliyomo kwenye faili. Kila karatasi iingie mapema.

Na mnufaika, yaani yule atakayelipwa. Jamani, fungueni muone jina gani limeandikwa pale. Nimewahi kuona la mke wa kwanza, aliyekwisha kuachwa.

Msimu wa kujiandikisha uliopita mke wangu alikaa nami mezani. Ile ya dola 30 nikaijaza, presha nikaitaja, nikasubiri wiki tatu, wakanikubali kwa nusu ya kiasi. Nikaipokea. Ya dola 4 sikuifuta, kwa kuwa naendesha maili 60 kila siku kwenye barabara kuu ya 35 na najua ninachokiona humo. Bei ya kahawa. Niliiweka tu mahali pake, chini, baada ya zile zinazouliza maswali.

Yule kijana wa Eastleigh nilimpigia hesabu ya maalim siku moja tukila. Vidole vitatu, kumi kumi. "Chuoni kwetu wewe ni ngamia thelathini," nikamwambia. Kwao Wasomali dia si somo la kukariri tu, watu wanalipana kweli. Akaacha kutafuna, akaninyooshea kile kiganja chenye gumba na shahada.

"Wallahi, na unajua ngamia mmoja Garissa ni ngapi siku hizi?"

Sikujua. Akatoa simu mfukoni kwa mkono wa kulia, akampigia mjomba wake.